Mlima Uliojitegemea: Safari ya Moshi na Swali la Chama Tawala

Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019 baada ya kutoonekana kwa zaidi ya miaka ishirini, na ndiyo njia niliyoichagua kuufikia mji huu. Basi lina haraka zaidi. Lakini reli inapita taratibu Korogwe, Mombo, Same na Kahe, na karibu kila palipo na nyumba zilizokusanyika pana mlingoti wenye bendera ya kijani, jembe na nyundo zake zikiwa za njano. Ni bendera ya Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuziunganisha TANU, iliyoasisiwa Julai 7, 1954, na Afro-Shirazi Party ya Zanzibar. Kwa ukoo huo, Tanzania Bara haijawahi kuongozwa na chama kingine tangu Desemba 9, 1961. KANU ya Kenya iliondoka mwaka 2002, miaka 39 baada ya uhuru. Chama cha Demokrasia cha Botswana, kilichodumu miaka 58 kwa chaguzi ambazo wengi Afrika walizisifu, kiliangushwa mwaka 2024 na kubakiwa na viti vinne tu vya kuchaguliwa bungeni. CCM na mzazi wake TANU wamezipita rekodi hizo zote mbili. Katiba ya nchi bado inaitaja Tanzania kuwa ya kidemokrasia na ya kijamaa, na chama bado kinaitaja itikadi yake kuwa Ujamaa na Kujitegemea, ingawa tangu 1986, serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, matendo yake yamekaa karibu zaidi na katikati kuliko kushoto.

Nilikwenda Moshi kwa sababu Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa iliyokikataa chama hicho zaidi. Jimbo la Moshi Mjini lilipeleka bungeni mpinzani katika kila uchaguzi wa vyama vingi kuanzia wa kwanza wa 1995 hadi 2015: Joseph Mtui wa NCCR-Mageuzi, kisha Philemon Ndesamburo wa CHADEMA kwa vipindi vitatu, kisha Jafary Michael. Mwaka 2015 majimbo saba kati ya tisa ya mkoa mzima yalikwenda upinzani. CCM ilibaki na Mwanga na Same Magharibi. Maelezo ambayo mtu hupewa haraka ni mawili: Wachaga wanapendana, au Wachaga wana pesa. Nimeupita mji na mteremko wake nikiyapima yote mawili, na sioni kama yanatosha. Ninachokiona ni kwamba mlima huu uliikataa CCM kwa sababu ulilitekeleza fundisho la CCM la kujitegemea kwa uaminifu usio wa kawaida. Ulikuwa na vyombo vyake wenyewe kabla ya chama, ulivijenga upya chama kilipovichukua, na mwenye vyombo vyake humpigia kura anayemtaka bila kuhofia chakula cha kesho. Kama hilo ni kweli, basi kura za upinzani za Kilimanjaro zilikuwa kipimo cha mafanikio ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na chama kilikosea kuziona kama uasi.

Hoja hiyo haianzii mlimani bali Majengo. Miji mingi ya Afrika Mashariki ina Majengo yake, Mombasa, Nairobi, Dodoma, mitaa ambamo Mwafrika alipata nafasi ya kujenga na kupanga wakati katikati ya mji palikuwa pa wengine. Majengo ya Moshi iko upande wa chini wa mji, tambarare, mlima ukiwa mgongoni. Watu wake wametoka kila upande: Wachaga waliokosa ardhi juu, Wapare, Wasambaa, watu wa Kondoa, watu wa Pwani, Waislamu na Wakristo wakipanga nyumba moja yenye ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua wa nyuma wenye bomba moja. Hapa hakuna kihamba, shamba la ukoo, cha kurithi. Hapa mtu anahitaji barua. Anayetaka kufungua akaunti ya benki, kupata kitambulisho cha taifa, kumdhamini ndugu aliyekamatwa au kuomba mkopo wa halmashauri, lazima apite ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji, atambuliwe kwamba ni mkazi. Mikopo hiyo si jambo dogo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na kwa mama lishe au mwendesha bodaboda asiye na hati ya nyumba huo ndio mtaji unaofikika bila riba.

Ofisi ya mtaa ina historia, na ndani ya historia hiyo ndimo nguvu ya chama ilimofichwa. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na balozi wake. Balozi alisuluhisha ugomvi wa wapangaji, aliandikisha wageni waliolala mtaani, alikusanya ada za chama, na katika miaka ya uhaba alijua kaya ipi haijapata sukari au sabuni ya duka la ushirika. Habari zilishuka kwake kutoka taifa, mkoa, wilaya, kata na tawi. Na zilipanda pia. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Wachambuzi wa nje hupenda kuueleza mfumo wa nyumba kumi kama jicho la serikali, na kweli ulikuwa jicho, lakini ulikuwa pia sikio. Chama kilichokuwa na mtu katika kila nyumba kumi kilijua njaa kabla ya magazeti kuiandika. Vyama vingi vilipohalalishwa mwaka 1992, balozi alibaki wa CCM peke yake na kazi za utambulisho zikawa za serikali ya mtaa. Lakini sheria haimruhusu mtu kugombea uongozi, hata wa mtaa, bila kudhaminiwa na chama cha siasa. Kwa hiyo anayesaini barua ya mpangaji wa Majengo ni lazima awe mtu wa chama fulani, na karibu kila mahali nchini chama chenye watu wa kutosha kusimamisha mgombea katika kila mtaa kimekuwa kimoja.

Kutoka Majengo nilipanda hadi katikati ya mji, kwenye jengo la KNCU. Kila anayeandika kuhusu siasa za Kilimanjaro angepaswa kusimama hapa kwanza. Chama cha wakulima Waafrika wa kahawa, KNPA, kiliundwa mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, wakati walowezi wa Kizungu walikuwa wanapinga Mwafrika kulima kahawa kabisa. Mwaka 1933 kikarithiwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya ushirika, mmoja wa kwanza wa wakulima Waafrika katika eneo hili. Kahawa ya mlimani ilikusanywa na vyama vyenye viongozi waliochaguliwa, vilivyofanya mikutano ya hesabu, vilivyoweza kumfukuza katibu mwizi. Miaka zaidi ya ishirini kabla TANU haijazaliwa, mkulima wa Machame au Kilema alikuwa ameshazoea kupiga kura juu ya fedha zake. Serikali ya uhuru ililitambua hilo: Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963, na leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Kisha mwaka 1976 serikali hiyohiyo ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. KNCU ikafa kwa amri. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, na KNCU ikafufuka mwaka 1984, lakini ilikuta mibuni imezeeka, madeni yamepanda na imani imepungua.

Sababu za kuvunja ushirika hazikuwa za kipuuzi. Vyama vikuu vingi nchini vilikuwa na wizi, na ndani yake wakulima wakubwa waliwabana wadogo. Chama cha kijamaa hakikuweza kulitazama hilo kimya. Tatizo ni dawa iliyochaguliwa. Ushirika mbovu unatibiwa na wanachama wake, na wanachama wa Kilimanjaro walikuwa na uzoefu wa miongo mitano wa kufanya hivyo. Chama kilichotangaza Arusha mwaka 1967, umbali wa kilomita kama 80 tu kutoka Moshi, kwamba watu wajitegemee kwa jitihada za pamoja, kiliondoa mikononi mwa watu chombo cha jitihada za pamoja kilichokuwa hai kuliko vyote, kwa kuwa hakikukiasisi chenyewe. Baada ya hapo bei ya dunia ilimalizia kazi. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipopoteza mgawo wa mauzo mwaka 1989, bei iliporomoka. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua katikati ya miaka ya 1990, KNCU ilikuwa dhaifu mno kushindana nao. Mwaka 2018 serikali iliagiza tena kahawa ipitie vyama vya msingi hadi mnadani. Ushirika umerudi kwa amri kama ulivyoondoka kwa amri, na siwezi kuliona hilo kama ushindi wa ushirika.

Magari ya kwenda Kibosho, Old Moshi na Marangu yanapanda kwa kasi, na ndani ya nusu saa joto la tambarare linabaki nyuma. Njiani panaonekana kwa macho kile ninachokisema. Migomba, kahawa chini yake, ng'ombe zizini, nyumba ya tofali, makaburi ya babu ndani ya kihamba hichohicho. Katikati ya vihamba inapita mifongo, mifereji ya asili inayoshusha maji ya msituni, ikitunzwa na watu wanaogawana zamu na kumtoza faini asiyefika kuizibua. Hakuna serikali iliyoanzisha utaratibu huo. Sera ya vijiji ya miaka ya 1970, iliyohamisha mamilioni ya watu kwingineko, hapa ilibadilisha majina ya mipaka zaidi kuliko mahali pa kulala, kwa kuwa watu walikuwa wameshajaa bega kwa bega. Baada ya kila kilomita chache lipo kanisa, na karibu na kanisa shule au hospitali: Walutheri Machame na Marangu, Wakatoliki Kilema na Kibosho, misheni zilizoanza katika miaka ya 1890. Mteremko huu uliingia uhuru ukiwa na walimu, makarani na wauguzi wengi kuliko sehemu kubwa ya nchi.

Hapo ndipo ujamaa na mlima vilipogongana kwa haki, na mambo hayo yastahili kutazamwa bila kuupendelea upande wowote. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizifanya shule za misheni kuwa za serikali. Baadaye nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa ili mtoto wa Lindi au Kigoma naye apate. Kwa mzazi wa Kibosho maana yake ilikuwa kwamba mtoto wake, mwenye alama za juu, alibaki nyumbani huku mwenye alama pungufu wa mkoa mwingine akienda shule ambayo babu wa mzazi huyo alibeba mawe ya kuijenga. Machungu hayo nayaelewa. Hata hivyo naamini chama kilikuwa sahihi. Nchi ambayo mkoa mmoja unatoa madaktari wote haikai pamoja muda mrefu, na umoja ambao Tanzania imeutunza huku majirani wakiuana kwa misingi ya kabila ulinunuliwa kwa gharama za namna hiyo, na Kilimanjaro ililipa sehemu kubwa. Ila angalia jibu la mlima. Watu hawakuandamana wala hawakujitenga. Walichangishana, wakaenda kwa maaskofu wao na kwenye jumuiya za wazazi, wakajenga sekondari nyingine, hadi katikati ya miaka ya 1980 mkoa ukawa mbele nchini kwa shule zisizo za serikali. Walifanya yale ambayo Azimio la Arusha liliwataka wafanye.

Ukabila basi unabaki wapi? Hoja hii inasemwa kwa sauti kubwa, na ina ushahidi unaoonekana mwepesi: Augustine Mrema, mzaliwa wa Vunjo, alipoihama CCM mwaka 1995 na kupata karibu asilimia 28 ya kura za urais, mlima ulimfuata, CHADEMA iliasisiwa na Edwin Mtei wa Marangu, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyejiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha, na kwa miaka zaidi ya ishirini iliongozwa na Freeman Mbowe wa Hai. Lakini hesabu za majimbo hazikubali. Rombo, ya Wachaga karibu watupu, ilimchagua Basil Mramba wa CCM hadi 2010. Hai yenyewe, nyumbani kwa Mbowe, ilirudi CCM mwaka 2005 kwa Fuya Kimbita. Moshi Vijijini ilikuwa na Cyril Chami wa CCM hadi 2015. Mrema huyohuyo alishindwa Vunjo mwaka 2015 na James Mbatia. Upande wa pili, Same Mashariki ya Wapare ilimchagua Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA mwaka uleule. Kabila lisingeweza kugeuka hivyo kila baada ya miaka mitano. Tena mlima uliwahi kuchagua TANU dhidi ya ukoo wa kifalme wa nyumbani: mwaka 1960 Wachaga walimwondoa Mangi Mkuu Thomas Marealle kwa kura, wakamweka Solomon Eliufoo, mwalimu aliyeungwa mkono na wapenda mageuzi wa TANU. Hao ni watu wanaobadilisha viongozi. TANU ilifaidika na tabia hiyo kwanza. CCM iliumia nayo baadaye.

Pingamizi zito zaidi linatoka Majengo, na nilirudi huko kulifikiria. Kama vihamba, makanisa na ushirika ndivyo vilivyowapa watu wa mteremko uhuru wa kukataa, mbona wapangaji wasio na vitu hivyo waliichagua NCCR na CHADEMA miaka ishirini na mitano? Jibu langu linaanza mpakani. Mwezi uleule wa Februari 1977 ambao CCM ilizaliwa, mpaka na Kenya ulifungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Moshi ni mji wa mpakani kwa kazi zake: Holili na Tarakea ziko karibu, Taveta na Voi ziko ng'ambo, na Mombasa ni bandari ya asili ya mlima. Sabuni, kanga, mafuta ya kupikia na vipuri vilipokosekana dukani, vilipita njia za panya. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huohuo Sheria ya Nguvukazi iliyowasaka mijini wale ambao serikali haikuiona kazi yao. Mtu wa Majengo aliyekuwa anauza maharage au kushona viraka alijikuta mhalifu katika nchi ya wafanyakazi na wakulima. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe, na mitumba ikamiminika. Hadi leo masoko ya Memorial na Kiboriloni yanaishi kwa biashara hiyo, kama Mbuyuni inavyoishi kwa nafaka. Viwanda vya mji, magunia, ngozi, viberiti, mbao, vilidhoofu au vikafungwa kati ya miaka ya 1980 na 1990, na vijana wake wakaja sokoni.

Kwa hiyo Majengo nayo ilijipatia chombo chake: soko. Soko halina katiba wala askofu, lakini lina vikundi vya kukopeshana, vyama vya kuzikana, viongozi wa vizimba, na zaidi ya yote lina mkate usiotoka kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mfanyabiashara wa sokoni aliyenunua mzigo kwa akiba ya upatu hana wa kumshukuru serikalini. Hapo Majengo na Marangu vinafanana, ingawa kimoja kina ardhi na kingine hakina. Na hapo ndipo maelezo ya utajiri yanapodondoka, kwa sababu mpangaji wa chumba kimoja si tajiri. Jambo linaloamua ni mlango anaoubisha mtu akipata shida. Mwenye mlango mmoja tu humpigia kura mwenye ufunguo, na simlaumu.

Msomaji anaweza kuniuliza kama nakinyima chama sifa zake. Sikinyimi. CCM imedumu kwa mambo ya kweli. Iliwaachisha marais wake kwa zamu, Nyerere 1985, Mwinyi 1995, Benjamin Mkapa 2005, Jakaya Kikwete 2015, kila mmoja akatoka akiwa hai na kuishi mtaani kama raia, jambo ambalo vyama vingi vikongwe barani vimeshindwa. Ilifuta ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikajenga sekondari za kata, ikafuta ada ya sekondari kuanzia 2016. Mtoto wa Majengo anasoma leo bila mzazi kuuza kitanda. Mabadiliko hayo ndiyo sera halisi ya kushoto, na yalikuja baada ya 1995, wakati chama kilipokuwa na mshindani. Sidhani ni sadfa. Kabla ya ushindani, mwaka 1991, Azimio la Zanzibar lililegeza miiko iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha, na hakukuwa na mtu nje ya chama wa kusema kwa nguvu kwamba hilo ni kosa. Chama cha kushoto kisichoulizwa na yeyote huhama kimyakimya kutoka upande wa walipa kodi ya pango kwenda upande wa wapangishaji. Mwaka 1971 serikali ya TANU ilitaifisha nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na katikati ya miji, Moshi ukiwemo, majengo yakapewa Msajili wa Majumba. Miaka ishirini baadaye chama kilekile kiliwaruhusu viongozi wake kuwa wenye nyumba.

Ndiyo maana yaliyotokea tangu 2019 yananihuzunisha kwa ajili ya chama chenyewe pia. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka huo wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye uteuzi, vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2020 Moshi Mjini na majimbo jirani yakarudi CCM kwa mkupuo. Uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 ukatoa tena asilimia 99. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika CHADEMA ikiwa nje baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, akiwa ameondolewa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa kupata karibu asilimia 98. Siku hiyo watu waliingia mitaani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na Watanzania wakapoteza maisha. Wapo watakaosema mlima umeongoka, kwamba watu wameona barabara na madarasa wakabadili mawazo. Baadhi yao wamebadili, bila shaka. Upinzani nao umejidhoofisha kwa ugomvi wa ndani tangu NCCR ilipopasuka baada ya 1995. Lakini Kikwete mwaka 2005, alipokuwa kipenzi cha nchi nzima, alipata asilimia 80, na Ndesamburo akarudi bungeni palepale Moshi. Mji uliokataa katika mwaka wa mapenzi makubwa kuliko yote haukuridhia ghafla katika miaka ya hofu.

Asilimia 99 ina hasara ambayo makao makuu Dodoma hayaioni. Mwenyekiti wa mtaa aliyepita bila kupingwa hana sababu ya kupeleka juu habari mbaya. Balozi anayejua kwamba matokeo yameshapangwa hana kazi ya kusikiliza uwani kunasemwa nini. Mwaka 2010 waliojitokeza kupiga kura nchini walikuwa kama asilimia 43 ya walioandikishwa, na hiyo ilikuwa dalili ya mapema ya sikio kuziba. Miaka mitano baadaye, Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alipohamia upinzani na kuufanya uchaguzi kuwa wa kweli, wakafika asilimia 67, na CCM ikashinda kwa asilimia 58 za John Magufuli. Ushindi huo wa 58 ulikuwa imara kuliko wowote uliofuata, maana kila mtu, pamoja na walioshindwa Moshi, Arusha na Mbeya, alijua nchi inafikiri nini.

Safari yangu iliishia magharibi, kwenye barabara ya Moshi hadi Arusha inayopita Boma la Ng'ombe. Arusha kuna ukumbi ambamo Azimio la 1967 lilipitishwa. Mji huohuo ni makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Juni 14, 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, iliamua kwamba kumzuia raia kugombea bila chama kunavunja haki yake. Mahakama Kuu ya Tanzania iliwahi kuona hivyo mwaka 1994 na tena 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Zuio bado lipo. Naliona kuwa jambo kubwa kuliko mijadala mingi ya ikulu, kwa kuwa linamgusa mpangaji wa Majengo moja kwa moja: anayesaini barua yake angeweza kuwa fundi cherehani anayeaminiwa na nyumba zote kumi, asiyedaiwa na kijani wala na rangi nyingine. Wapo wanaohofia kwamba wagombea binafsi wataleta ukabila na matajiri wa kununua kura. Ngazi ya mtaa, ambako mgombea anajulikana hadi deni lake la dukani, ni mahali salama pa kuanzia, na mlima ulishachagua hivyo viongozi wa mifongo na makatibu wa ushirika kabla chama chochote hakijaundwa. Kubadili ibara za Katiba zenye zuio hilo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. CCM inazo, na zuio linabaki.